Sura Nyingi za Mtu Mmoja: Lupita Nyong'o Akitazamwa Kutoka Kisumu

Hapa Kisumu ukilitaja jina la Lupita Nyong'o kwenye kibanda cha chai, au ndani ya matatu ya kwenda Kondele, utajibiwa mambo mawili: kwamba ni bintiye gavana, na kwamba alishinda Oscar. Yote ni kweli. Baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, amekuwa gavana wa kaunti hii tangu 2017. Na tarehe 2 Machi 2014, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 31, Lupita aliitwa jukwaani kule Hollywood akawa Mkenya wa kwanza kutwaa tuzo hiyo kwa uigizaji. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa chama cha drama shuleni, na mambo hayo mawili hayanifai kitu ninaposimama mbele ya wanafunzi. Hakuna anayeweza kufundishwa kuwa binti wa gavana, wala hakuna zoezi la kushinda tuzo. Kinachofundishika ni kazi yenyewe: jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa mtumwa anayechuma pamba Louisiana, mama mjane wa Kampala, mbwamwitu anayelea mtoto wa binadamu, roboti, kisha msichana aliyevaa nguo za kiume katika mchezo wa Shakespeare. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuizungumza hapa, na nitaizungumza kwa kirefu kwa sababu naona haizungumzwi.

Niwataje kwanza waliomtangulia.

Joseph Olita alikuwa mtu wa Siaya. Mwaka 1981 ilitoka filamu ya Sharad Patel kuhusu kupanda na kuanguka kwa Idi Amin, na Olita ndiye aliyemwigiza Amin. Pandikizi la mtu, uso mpana, kicheko kinachoanza kwa ukarimu na kuishia kukutia baridi. Amin mwenyewe alikuwa bado hai, uhamishoni Saudia, na kwa watu wa pande hizi waliopokea wakimbizi kutoka Uganda hiyo haikuwa hadithi ya mbali. Wazee wengi hapa waliitazama filamu ile, na wapo waliotoka ukumbini wakiapa kwamba wamemwona Amin kwa macho yao. Miaka kumi baadaye Mira Nair alitengeneza Mississippi Masala, filamu inayoanzia kwenye kufukuzwa kwa Waasia kutoka Uganda mwaka 1972, na akamwita Olita. Kufanya nini? Kuwa Amin tena. Alipata sehemu ndogondogo kwingine, lakini ulimwengu wa filamu ulimwona kama mtu wa sura moja. Ile sura iliyompa mkate ndiyo iliyomfungia milango. Alifariki Siaya mwaka 2014, miezi michache baada ya Lupita kuinua tuzo yake, na ni wachache waliopata kujua mwigizaji huyu angeweza kufanya nini kama angepewa mhusika asiyevaa magwanda.

Wa pili ni Sidede Onyulo. Huyu naomba kila mwanafunzi wangu amtazame. Katika filamu ya Kijerumani ya 2001 iliyoongozwa na Caroline Link, Nowhere in Africa, Onyulo ni Owuor, mpishi Mjaluo katika nyumba ya Wayahudi waliomkimbia Hitler na kuja Kenya mwaka 1938. Hadithi ilitoka kwenye maisha ya mwandishi Stefanie Zweig, ambaye utotoni aliishi Rongai na kusoma shule ya bweni Nakuru, kwa hiyo mtu wa Bonde la Ufa akiitazama anaijua ile ardhi na ile nyasi. Mpishi wa Kiafrika katika filamu ya Wazungu! Tumeshawaona wangapi, wakiingia na sinia na kutoka nalo? Onyulo alimpa yule mpishi uzito. Anaposimama mlangoni unajua kwamba ana kwao, ana wake na watoto, ana hadhi yake ya kulinda, na kwamba amechagua kumpenda yule mtoto wa kigeni. Hakulazimishwa na mshahara. Sehemu kubwa ya maneno yake ni Kiswahili. Filamu ilishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Onyulo alifariki mwaka 2008, na sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyelisikia jina lake kabla sijalitaja mimi.

Kati ya filamu alizoonekana Onyulo ni The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa Kenya. Kwenye filamu hiyohiyo, nyuma ya kamera, alikuwepo binti mmoja aliyekuwa akitumwa huku na kule kama msaidizi. Ndiye Lupita. Amesimulia hadharani kwamba alimwambia mwigizaji Ralph Fiennes ndoto yake ya kuigiza, na mzee akamjibu, kwa maana, kwamba aifanye kazi hii ikiwa tu hawezi kuishi bila kuifanya. Wengine wangelichukua jibu hilo kama kufukuzwa. Naliona kuwa ushauri wa kweli kuliko wote ambao kijana wa sanaa anaweza kupewa, kwa sababu haukumwahidi chochote.

Tusisahau kwamba kufikia wakati huo alikuwa tayari amepanda jukwaani. Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, baba yake akifundisha huko chuo kikuu, akaletwa Kenya akiwa bado mtoto mchanga. Akiwa na miaka 14 alimwigiza Juliet jijini Nairobi na kundi la Phoenix Players, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na ukumbi wake mdogo katikati ya jiji. Miaka 14! Huo ndio umri wa mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza ambaye bado anaongea akiangalia viatu vyake. Akiwa na miaka 16 alipelekwa tena Mexico miezi kadhaa kujifunza Kihispania. Ukiweka Kijaluo cha nyumbani, Kiswahili, Kiingereza na Kihispania katika kichwa kimoja, unapata sikio. Na sikio ni nusu ya kazi ya mwigizaji. Watu hudhani kipaji kiko usoni.

Baada ya masomo ya shahada Marekani alirudi, akaigiza katika mfululizo wa runinga wa Shuga mwaka 2009, na mwaka huohuo akatoa filamu yake ya hali halisi, In My Genes, kuhusu Wakenya wanaoishi na ualbino. Angeweza kubaki hapo. Alikuwa na jina, runinga ilimjua. Badala yake akaenda kujiunga na shule ya drama ya Chuo Kikuu cha Yale na kukaa darasani miaka mitatu, hadi 2012, akifanya Shakespeare na Chekhov, akijifunza kupumua upya kana kwamba hajawahi kupumua. Vijana wengi wanaonijia wakitaka kuwa waigizaji wanataka kuruka sehemu hii. Wanataka simu, video fupi, wafuasi. Siwadharau, wapo wenye vipaji vya kushangaza humo. Lakini ninapoona kazi za Lupita zilizofuata, naona miaka ile mitatu ndani ya kila moja.

Mfano wa kwanza ni Patsey wa 12 Years a Slave, filamu ya Steve McQueen. Kila mtu hukumbuka mijeledi. Mimi hukumbuka sabuni. Patsey anachuma pamba zaidi ya ratili 500 kwa siku, ambazo ni zaidi ya kilo 220, kuliko mwanamume yeyote shambani, lakini mke wa bwana shamba, kwa wivu, amemnyima hata sabuni ya kuogea. Anakwenda kuiomba kwa jirani, anarudi amekishika kipande chake, na anakitetea mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumuua. Mtazame pale. Hapigi kelele za kuomba huruma. Anajieleza kama mfanyakazi anayedai haki yake: nimechuma, basi niwe safi. Mwigizaji asiye na shule angetupa machozi tangu mwanzo. Yeye anatupa hoja, na machozi yanatutoka sisi.

Sasa hapa ndipo habari ya Olita inaporudi. Mwaka 2025, akihojiwa na CNN, Lupita alieleza kwamba baada ya Oscar alitarajia milango ifunguke, kumbe alichokuwa akiletewa ni utumwa tena: mtumwa mwingine, safari hii ndani ya meli ya watumwa. Akakataa. Alisema yuko radhi kukosa kazi moja kwa mwaka kuliko kuendeleza picha ileile ya Mwafrika. Fikiria ujasiri wa kusema hivyo ukiwa mgeni katika mji wa watu, tuzo ikiwa bado ya moto mkononi. Olita hakuwa na nafasi ya kukataa. Soko lake lilikuwa dogo na simu zililia mara chache. Kwa hiyo nikisema Lupita ana sura nyingi, nina maana ya mambo mawili yanayokwenda pamoja: alijifunza kuzivaa, na alikataa kuvikwa moja kwa nguvu.

Alichokifanya baadaye kilinishangaza. Katika wakati ambao ulimwengu wote ulikuwa unausifu uso wake, magazeti ya mitindo yakimpa kurasa za mbele, alichukua kazi ambazo uso wake hauonekani kabisa. Mwishoni mwa 2015 akawa Maz Kanata katika Star Wars, kiumbe kidogo chenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, kilichochorwa na kompyuta kwa kufuata mienendo yake. Mwaka 2016 akawa sauti ya Raksha, mama mbwamwitu wa The Jungle Book. Mwaka 2024 akawa sauti ya Roz, roboti wa The Wild Robot, na hapo msikilize kwa makini: mwanzo wa filamu sauti ni ya mashine ya huduma, uchangamfu wa kibiashara usio na mtu ndani, na kadiri roboti anavyomlea kifaranga wa bata bukini sauti inalegea, inapata mapumziko, inapata shaka. Huwezi kuonyesha ni dakika gani hasa ilipobadilika. Nimewahi kuwafanyisha wanafunzi zoezi hilo, waseme sentensi ileile mara kumi wakihama kutoka mashine hadi mama, bila kutumia mikono. Ni kazi ngumu kuliko kulia.

Mwaka huohuo wa 2024 akaigiza A Quiet Place: Day One, ambamo mwenye kupiga kelele anauawa, kwa hiyo mhusika wake, mshairi anayeugua saratani, anaishi karibu filamu nzima kimyakimya. Sauti bila uso, kisha uso bila sauti. Anabeba paka pia sehemu kubwa ya filamu, ilhali Lupita mwenyewe alikuwa akiwaogopa paka na ikabidi ajizoeze kuwa nao. Hilo nalo ni sehemu ya kazi.

Kuhusu Us, filamu ya Jordan Peele ya 2019, nina mengi ya kusema. Humo ni watu wawili: Adelaide, mama wa familia aliye likizoni, na Red, kivuli chake aliyetoka chini ya ardhi. Wanakutana uso kwa uso. Maana yake ni kwamba alilazimika kuicheza kila sehemu ya mkutano huo mara mbili, kila mara akimjibu mtu ambaye bado hajawa yeye. Tazama shingo. Adelaide ana shingo ya binadamu mwenye wasiwasi. Red hutembea kichwa kikiwa kimetulia, mwili ukimfuata kwa mstari. Ukiondoa sauti kwenye runinga bado utajua nani ni nani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote za filamu, kuliko hata ile iliyompa Oscar.

Na humohumo kuna somo la upande wa pili. Sauti ya Red, ile iliyokwaruza na kukatika, Lupita alieleza kwamba mojawapo ya vitu vilivyomwongoza ni ugonjwa wa misuli ya koo unaoifanya sauti ya mtu ikatike. Watu wenye hali hiyo na mashirika ya kuwatetea wakalalamika: kwa nini ulemavu wetu uwe ndio sauti ya kutisha? Akaomba radhi hadharani. Hili nalizungumza kila muhula, kwa sababu jukwaa letu la shule limejaa dhambi hii. Nenda kwenye tamasha za drama, ngazi ya kaunti ndogo au kaunti, uhesabu wahusika wanaochekesha kwa kigugumizi, kwa kuchechemea, kwa lafudhi ya kabila la jirani. Ukumbi unaangua kicheko, mwalimu anafurahi, jaji anatikisa kichwa. Kuna mtoto mwenye kigugumizi ameketi mle ndani. Ikiwa mwigizaji wa kiwango kile alisimama akasema samahani, sisi tunaweza kuandika upya mstari mmoja wa igizo.

Turudi jukwaani. Tamthilia ya Danai Gurira, Eclipsed, inahusu wanawake walioshikwa katika kambi ya waasi wakati wa vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe Liberia. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwenye ukumbi wa Yale, na Lupita, akiwa mwanafunzi, alikuwa mwigizaji wa akiba wa mhusika anayeitwa Msichana. Kazi ya akiba ni kujifunza kila mstari, kila hatua, kisha kukaa pembeni ukingoja ugonjwa wa mwenzako. Hakuisahau ile tamthilia. Mwaka 2015, akiwa na Oscar kabatini na uwezo wa kuchagua karibu chochote, alichagua kurudi kwa yule Msichana katika ukumbi wa Public Theater, New York, na mwaka 2016 wakahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za jiji hilo, waigizaji wote wakiwa wanawake weusi, mwandishi mwanamke mweusi, mwelekezi Liesl Tommy wa Afrika Kusini naye mwanamke mweusi. Haikuwahi kutokea kabla yake kule Broadway. Aliteuliwa kuwania Tony, tuzo kuu ya michezo ya Broadway. Jukwaani hakuna kurudia, hakuna mhariri wa kukuokoa. Kila jioni unaanza upya mbele ya watu waliolipa.

Mwaka huohuo alikuwa Nakku Harriet katika Queen of Katwe, mama wa Phiona Mutesi, bingwa wa chesi. Mwelekezi? Mira Nair, yuleyule aliyemwita Olita miaka 25 kabla. Nair alikuwa pia na Lupita katika The Namesake, ila wakati ule Lupita alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa nyuma ya kamera. Hapa kwetu tunaokaribiana na mpaka tuna haki ya kuhukumu lafudhi ya Kampala, na nawaambia aliipata: ule mteremko mwishoni mwa sentensi, ile subira ya heshima kabla ya kukataa. Nimewaona akina mama wa namna hiyo Busia na Malaba. Hajawaigiza kwa juujuu.

Black Panther sitakaa nayo sana, wengi wanaijua. Nitasema tu kwamba Februari 2018 ilipoonyeshwa hapa Kisumu watu walikuja wamevaa mavazi ya Kiafrika kana kwamba wanakwenda harusini, gavana akiwa miongoni mwao, na mji ulikuwa na furaha ya aina yake.

Kisha 2025. Ukumbi wa wazi wa Delacorte katika bustani ya Central Park, New York, ulifunguliwa tena mwezi Agosti baada ya kukarabatiwa, na mchezo wa kufungua ulikuwa Twelfth Night wa Shakespeare, tiketi za bure. Mwelekezi alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya anayefahamiana na Lupita tangu enzi za ujana wao wa uigizaji Nairobi. Lupita alikuwa Viola, msichana aliyenusurika katika ajali ya meli, akavaa nguo za kiume na kujiita Cesario. Pacha wake Sebastian, ambaye Viola anadhani amezama, aliigizwa na mdogo wake Lupita wa damu, Junior Nyong'o. Na wale ndugu wawili, katika nchi ya ugeni, walizungumza baadhi ya maneno yao kwa Kiswahili.

Niliposikia hilo nilisimama. Shakespeare na Kiswahili ni marafiki wa zamani. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na S. S. Mushi akatupa Makbeth. Lakini hayo yalikuwa vitabu vyetu, kwa ajili yetu. Hapa maelfu ya Wamarekani waliketi chini ya anga wakasikiliza lugha wasiyoijua, wakaelewa kwamba hivi ndivyo ndugu wawili wanavyoitana. Hakuna anayehitaji kamusi kwa hilo ikiwa mwigizaji anajua anachokifanya. Na yule mtoto wa miaka 14 aliyekuwa Juliet jijini Nairobi alikuwa amerudi kwa mwandishi yuleyule, akiwa na kila alichokusanya njiani: sikio, pumzi, shingo, na ujasiri wa kukataa.

Kisumu ina vijana wengi wenye sikio kama hilo. Nawasikia kila siku wakihama kutoka Kijaluo hadi Kiswahili hadi Sheng' hadi Kiingereza cha kanisani katika sentensi moja, kila lugha na mwili wake. Wanachokosa ni mbao za kukanyaga. Mji mkubwa hivi wa ziwani hauna ukumbi wa michezo ya kuigiza ambao kijana anajua kwamba Ijumaa hii na Ijumaa ijayo kutakuwa na onyesho. Tuna kumbi za jamii, ambazo leo ni harusi, kesho mkutano wa siasa, keshokutwa vikundi vya vitabu teule vikichezea watahiniwa. Nakuru angalau wana ukumbi wao wa Nakuru Players, wa tangu enzi za ukoloni. Tukiwaambia watoto waote ndoto kubwa bila kuwapa mahali pa kukosea mbele ya watu, tunawadanganya.

Muhula huu chama chetu kinafanya ile sehemu ya Viola anapofika ufukweni na kuuliza hii ni nchi gani. Wanafunzi wameitafsiri wenyewe. Wameamua meli iwe mashua, bahari iwe ziwa, na ajali itokee kati ya Mfangano na Mbita, kwa kuwa kila mmoja wao anamjua mtu aliyepotelea majini. Wasichana wawili wanamtaka Viola na wote wawili wanastahili, kwa hiyo mmoja atacheza kipindi cha kwanza na mwingine cha pili, na kila mmoja atakuwa nahodha wa mwenzake. Mzozo uliobaki ni kama Viola amuite kaka yake kwa Kijaluo au kwa Kiswahili anapodhani amezama. Nimewaachia waamue. Onyesho litakuwa Jumamosi ya mwisho ya muhula, saa nane mchana, katika bwalo la chakula, na wazazi wanaombwa kufika mapema kwa sababu madawati ni machache.